Hamsini na Sita, Hamsini na Saba

Nimeandika hesabu nyuma ya risiti ya zipu:
tikiti ya kwenda, tikiti ya kurudi, mara mbili,
tuktuk ya kutoka Kuze hadi Miritini,
na alfajiri dereva hapatani bei,
chai ya ndani ya treni, ambayo Bi Rukiya asema
kikombe chake ni ghali kuliko buli.
Nimejumlisha mara tatu.
Mara zote tatu jibu ni lile lile:
kanzu kumi na mbili za Idi, na kola zake.

Mimi kila kitu hukipima kwa kanzu.
Mtungi wa gesi, kanzu mbili.
Karo ya mjukuu, kanzu ishirini na suruali juu.
Lakini mlima?
Na si mlima wa kupanda, wala wa kugusa.
Ni wa kupita mbali, dirishani,
dakika ishirini labda,
kama wingu halikuamka mapema kuliko sisi.

Khelef hakuinua uso kwenye redio aliyoifumua.
"Wataka theluji? Fungua friji."
Nikafungua. Ilikuwapo kweli,
imegandia pakiti ya maini,
nene, ya kijivu, yanuka kitunguu.
Nikafunga mlango kwa adabu.

Baadaye, sauti imelegea:
"Twaweza kuishia Voi. Nauli si kitu.
Vilima vya Taita navyo ni milima,
havijamkosea mtu."
Ni kweli. Vizuri, rahisi,
na vipo kila siku.
Hiyo ndiyo ila yao.

Mtoto wa Bi Rukiya alilipa daraja la kwanza,
akalala tangu Mariakani mpaka Athi River, kinywa wazi.
Alirudi na picha arubaini,
zote za kiti.

Baba alikuwa mfunga breki wa gari la moshi,
lile la zamani, lililokesha njiani.
Alirudi na masizi kwenye nyusi,
akaoga, akala,
na siku mojamoja, kabla ya kulala, alisema:
"Leo nimeuona."
Mama hakuuliza nini.
Mimi niliuliza ukoje.
Alivuta shuka mpaka kifuani akilitafuta neno,
usingizi ukamfikia kabla ya neno.
Miaka thelathini aliutazama bure,
tena akilipwa mshahara,
na hakuniachia hata tashibihi moja.

Saa kumi nikabonyeza simu, mkono ukitetemeka
kama ninayekata kitambaa cha mtu bila chaki.
Ukienda asubuhi mlima uko kushoto,
jambo hilo Kuze nzima walijua.
Mashine haikuniuliza upande.
Ilimeza pesa, ikanyamaza, ikajibu:
behewa la tatu, hamsini na sita, hamsini na saba.

Khelef akaiacha redio na utumbo wake nje.
Akamwaga kopo la vifungo juu ya meza ya kukatia,
akaanza kuketisha watu:
watatu huku, wawili kule, njia katikati,
safu kwa safu, midomo ikihesabu.
Hamsini na sita ikaangukia ukingoni.
"Dirishani!" nikasema.
"Dirisha lipi?" akasema.
"Yategemea kichwa cha treni kiko kabatini au mlangoni."
Nikachukua kifungo cha lulu, kilichobaki peke yake
tangu koti lake la arusi,
nikakiweka mbali, upande wa cherehani.
Akakitazama. Akakihamisha upande wa pasi.
Nikakirudisha.

Sasa ni usiku. Koti la mteja limelala begani mwa kiti,
lataka vifungo vitano, na mwenyewe aja saa tatu.
Vyote vitano vimo behewa la tatu,
vimeketi,
vimekwisha lipiwa.